Intaneti ya nyumbani inapozorota: tupime kwanza, ndipo tulaumu

Intaneti imekwisha kuingia katika orodha ya mahitaji ya nyumba zetu, pamoja na umeme, maji na gesi ya kupikia. Kwa njia yake mtoto aliyeko Tanga humsomea Qur'ani ustadhi aliyeko Unguja, mama huuza vitambaa bila ya kufungua duka, na babu huwaona wajukuu zake walioko Muscat. Familia nyingi za mijini zimeacha kununua vifurushi vya simu vya siku kwa siku, zikavuta waya hadi ndani na kulipa kiasi maalumu kila mwezi. Malipo hayo si madogo. Ndiyo maana darasa linapokatika kila baada ya dakika mbili, nyumba nzima huingia katika manung'uniko.

Katika manung'uniko hayo aghalabu hutokea mambo mawili ya haraka. La kwanza ni kuilaumu kampuni ya mtandao kwamba inatuibia. La pili ni kupandisha kifurushi: baba huongeza fedha, kasi mpya huandikwa kwenye risiti, lakini chumbani kwa watoto hali hubaki ile ile. Mambo haya mawili yana kasoro moja, nayo ni kutoa hukumu kabla ya kupima. Yawezekana kampuni haina kosa lolote. Yawezekana pia ina kosa kubwa, ila mteja hana ushahidi wa kuonesha.

Katika makala hii tunakusudia kueleza namna familia inavyoweza kubaini kasi yake inapotelea wapi, kwa kutumia simu iliyopo, daftari na waya mmoja wa bei nafuu. Bomba likivuja hatununui tangi kubwa zaidi, tunatafuta panapovuja.

Tusome kwanza tulichonunua

Kasi ya intaneti huuzwa kwa megabiti kwa sekunde. Neno hilo linafanana na megabaiti, lakini si kitu kimoja. Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde hakipakui megabaiti 20 kila sekunde, bali 2.5 tu. Filamu ya gigabaiti 1, ambayo ni megabaiti 1,000, itachukua sekunde 400, yaani dakika 6 na sekunde 40. Mwenye kuona kompyuta yake ikiandika kwamba inapakua megabaiti 2.4 kwa sekunde, akadhani amepunjwa, kwa hakika amepata karibu haki yake yote.

Jambo la pili la kusoma ni neno "hadi". Mikataba mingi husema mteja atapata "hadi" megabiti 20. Hicho ni kikomo cha juu, si ahadi ya kila dakika. Hata hivyo neno hilo halimpi muuzaji ruhusa ya kutoa 3 asubuhi, mchana na usiku huku akipokea malipo ya 20.

Jambo la tatu ni kwamba kasi ni mbili: ya kupakua, yaani kuleta vitu nyumbani, na ya kupakia, yaani kuvipeleka nje. Katika nyaya za aina fulani kasi ya kupakia huwa ndogo sana kuliko ile ya kupakua. Nyumba yenye 20 za kupakua yaweza kuwa na 5 tu za kupakia. La nne ni kipengele cha matumizi ya haki. Baadhi ya vifurushi visivyo na kikomo hupunguziwa kasi baada ya kiasi fulani cha matumizi. Ikiwa intaneti yenu ni nzuri tarehe 1 na hudorora kila ifikapo tarehe 20, someni kipengele hicho kabla ya kumwita fundi.

Tujiulize pia tunahitaji kiasi gani. Filamu yenye picha safi huhitaji megabiti 5 hivi kwa sekunde. Darasa la kikundi lenye picha huhitaji 3 hivi. Maongezi ya sauti peke yake hayafiki hata robo ya megabiti. Basi nyumba yenye filamu moja na madarasa mawili kwa wakati mmoja hutumia 11 tu. Ikiwa familia kama hiyo imelipia 20 na bado haitoshelezwi, kuna pahala kasi inapotelea, na kuongeza kifurushi kabla ya kupajua pahala hapo ni kumimina maji katika gudulia lililotoboka.

Safari yenye sehemu tatu

Kila tunachokitazama husafiri sehemu tatu kabla ya kufika machoni petu. Ya kwanza ni kutoka kwenye kompyuta kubwa zinazohifadhi filamu na barua zetu, ambazo nyingi ziko ng'ambo, hadi kwenye mitambo ya kampuni yetu. Ya pili ni kutoka kwenye mitambo hiyo, kupitia nguzo au mitaro ya mtaani, hadi kwenye kisanduku kilichofungwa ukutani kwetu. Ya tatu ni kutoka kwenye kisanduku hicho hadi kwenye simu iliyo mkononi, nayo hupita hewani kwa mawimbi ya waifai.

Waya wa sehemu ya pili aghalabu ni wa aina mbili. Mmoja ni faiba, uzi mwembamba wa kioo unaobeba mwanga. Mwingine ni koaksi, waya mnene wa shaba ule ule unaoleta televisheni, ambao umetumika katika baadhi ya mitaa ya Nairobi na Mombasa. Kisanduku kinachopokea waya huitwa modemu, na kile kinachogawa intaneti kwa vyombo vya nyumbani huitwa ruta. Mara nyingi viwili hivyo hukaa ndani ya kisanduku kimoja.

Kila sehemu ina maradhi yake na dawa yake. Dawa ya sehemu ya tatu haiponyi ya pili. Nia ya kupima ni kuzitenganisha.

Waya, daftari na nyakati tatu

Kipimo cha msingi ni cha waya. Chukueni waya wa mtandao, ule wenye ncha za plastiki zinazoshika kwa mlio mdogo zinapoingia tunduni. Uungeni kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta, zimeni waifai ya kompyuta hiyo, kisha waombeni watu wote wa nyumbani waache kutumia intaneti kwa dakika 5. Fungueni ukurasa wa kupimia kasi, kama vile Speedtest au Fast.com, mpime mara tatu na mwandike namba ya katikati. Andikeni zote: kupakua, kupakia, na muda wa kusubiri jibu, ambao hupimwa kwa milisekunde.

Nyumba isiyo na kompyuta isikate tamaa. Mtu na asimame na simu yake hatua mbili kutoka kwenye ruta, pasipo ukuta kati yao, na simu iwe imeunganishwa kwenye mawimbi ya gigahezi 5 ambayo tutayaeleza hapa chini. Kipimo hicho si kamili kama cha waya, lakini kinakaribia.

Baada ya hapo, pimeni kwa waifai sebuleni, kisha katika chumba kinacholalamikiwa. Fanyeni hivyo katika nyakati tatu ambazo kila nyumba yetu inazijua bila ya kutazama saa: baada ya Alfajiri mtaa ukiwa bado umelala, baada ya Adhuhuri, na baada ya Isha watu wote wakiwa majumbani. Rudieni kwa siku tatu. Mtakuwa na ukurasa mmoja wa daftari wenye thamani kuliko malalamiko ya mwaka mzima.

Tuchukue nyumba tatu za mfano, zote zimelipia megabiti 20. Nyumba ya kwanza imepata 19 kwa waya nyakati zote, sebuleni 17, na chumba cha nyuma 3. Nyumba ya pili imepata kwa waya 19 Alfajiri, 16 Adhuhuri, na 4 baada ya Isha. Nyumba ya tatu imepata kwa waya 4 Alfajiri, 4 Adhuhuri na 4 Isha. Wote watatu wanasema kwa kinywa kimoja, "intaneti ni mbovu," lakini wana maradhi matatu yaliyo mbalimbali.

Nyumba ya kwanza: kasi inapotelea ndani

Katika nyumba hii kampuni imetimiza wajibu wake. Megabiti 19 zimefika mlangoni, na 16 kati ya hizo zimepotea njiani kuelekea chumba cha nyuma. Baba akipandisha kifurushi hadi 40, waya utaonesha karibu 40, na chumba cha nyuma kitabaki na 3, kwa sababu kizuizi kiko ukutani na si kwenye mkataba.

Tuanze na mahali ruta ilipo. Mafundi wengi huiweka pale waya unapoingilia, jambo ambalo ni jepesi kwao, nasi huificha nyuma ya televisheni au ndani ya kabati ili isichafue sura ya sebule. Mawimbi hayapendi maficho. Chuma, kioo cha kujitazamia, tangi la maji na ukuta mnene huyala au huyarudisha yalikotoka. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe wa Unguja na mji wa kale wa Mombasa, ni baridi na nzuri kuishi, lakini kuta zake nene huzuia mawimbi kuliko matofali ya kawaida. Iwekeni ruta mahali pa katikati ya nyumba, juu kiasi cha kichwa cha mtu, na wazi. Hatua hii haina gharama, na mara nyingi peke yake hutosha.

Linalofuata ni aina ya mawimbi. Ruta nyingi za sasa hutoa mawimbi ya namna mbili: ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Yale ya 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vyema zaidi, lakini ni ya polepole na yana msongamano, kwani hutumiwa pia na vyombo vingine vingi, na tanuri ya maikrowevu ikiwashwa huyavuruga. Yale ya 5 yana kasi kubwa lakini huchoka haraka yakikutana na kuta. Basi televisheni na kompyuta zilizo karibu na ruta ziunganishwe na 5, na simu za vyumba vya mbali zibaki na 2.4. Majirani wakiwa wengi, kama ilivyo katika majengo ya ghorofa, ruta zao hugombania chaneli zile zile. Katika 2.4 chaneli tatu tu zinazotumika kwa kawaida haziingiliani: 1, 6 na 11. Programu ya bure ya simu itawaonesha ipi ina watu wachache, na mtabadilisha katika mipangilio ya ruta.

Kama chumba cha nyuma bado kina kiu, kuna visanduku vya kurudia mawimbi. Tahadhari mbili. Kisanduku hicho kisiwekwe ndani ya chumba chenye shida, bali nusu ya njia, ambapo mawimbi yangali na nguvu. Kisichopokea kitu hakina cha kurudia. Pia, vile vya bei ya chini hupokea na kutuma kwa mawimbi yale yale, kwa hiyo hupunguza kasi kwa karibu nusu. Njia iliyo bora zaidi ni kuvuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi chumba cha mbali na kuweka ruta ndogo ya pili huko. Waya huo hufanya kazi hadi mita 100, umbali unaotosha nyumba nyingi.

Tusisahau matumizi yaliyojificha. Simu nyingi hupakia picha zake zenyewe pindi zinapoonja waifai. Tuseme familia imerudi harusini na picha 300 za megabaiti 4 kila moja. Hizo ni megabaiti 1,200, yaani megabiti 9,600. Kwa kasi ya kupakia ya 5, njia ya kutoka itazibwa kwa dakika 32. Katika muda huo mtoto atakayeingia darasani atamsikia ustadhi akikatika, hata kama kasi ya kupakua ni nzuri, kwa sababu majibu na sauti yake hupita katika njia ile ile iliyozibwa. Dawa yake ni kuzipangia simu zipakie picha usiku wa manane.

Na kabla ya kumshuku kijana wa jirani kwamba ameiba neno la siri, fungueni ukurasa wa ruta mtazame orodha ya vyombo vilivyounganishwa. Hesabuni simu za watu wa nyumbani, televisheni na kompyuta. Kikizidi kimoja, kwanza ulizeni ndani, kwani mara nyingi ni simu ya zamani iliyosahauliwa au ya mgeni wa wiki iliyopita. Kikiwa hakijulikani kabisa, badilisheni neno la siri, liwe refu, na jambo limalizike bila ya ugomvi wa mtaa. Kumfadhili jirani kwa intaneti ni jambo jema, ila lifanyike kwa kujua, baada ya kusoma kama mkataba unaruhusu, na kwa kumfungulia mtandao wa wageni ambao ruta nyingi zinao.

Nyumba ya pili: mtaa mzima kwenye bomba moja

Nyumba ya pili ina waya mzima, kwani Alfajiri hupata 19. Tatizo ni saa. Nyaya za mtaani, za koaksi na hata za faiba za majumbani, hugawana njia moja kuu baina ya nyumba nyingi. Kampuni huuza kwa matarajio kwamba si wote watakaotumia kwa wakati mmoja. Matarajio hayo ni ya kawaida katika biashara hii, lakini yana mpaka. Kampuni ikiunganisha wateja wengi kuliko njia inavyoweza kubeba, baada ya Isha kila nyumba hupata makombo.

Hakuna kitu mtakachofanya ndani ya nyumba kitakachoponya maradhi haya. Kuhamisha ruta hakutasaidia, na fundi akija saa 4 asubuhi atapima, apate 18, na kuandika kwamba hakuna tatizo. Hapa ndipo daftari linapofanya kazi. Waulizeni majirani wawili au watatu wenye kampuni hiyo hiyo wapime kwa waya baada ya Isha. Wakipata namba kama zenu, lipelekeni lalamiko kwa pamoja. Malalamiko ya nyumba moja ni rahisi kuyapuuza, ila ya nyumba nne za mtaa mmoja, yenye tarehe na saa, humlazimu mhandisi kutazama njia ya mtaa ule. Wakati mnasubiri, pakueni vitu vizito kabla ya jua kuchomoza, na ikiwezekana mwombeni mwalimu darasa la jioni lihamie mchana.

Nyumba ya tatu: waya au kisanduku

Nyumba iliyopata 4 nyakati zote haina haja ya kulaumu msongamano. Kuna kitu kimeharibika baina ya nguzo na kompyuta. Anzeni na kilicho rahisi. Zimeni modemu na ruta, subirini dakika moja, washeni modemu kwanza hadi taa zake zitulie, kisha ruta. Badilisheni waya wa mtandao mliopimia, kwani waya uliovunjika ndani huonekana mzima nje. Kama mnayo plagi nyingine ya umeme yenye kipimo kile kile, jaribuni nayo, maana kukatika na kurudi kwa umeme huchosha plagi hizo mapema. Ruta ya miaka mingi pia yaweza kuwa haina uwezo wa kubeba kasi mpya. Hilo hubainika mkiunga kompyuta moja kwa moja kwenye modemu na kasi ikapanda.

Wenye koaksi waufuate waya kwa macho kutoka unapoingilia. Viungio vyake vikazwe kwa mkono. Katika miji yetu ya pwani hewa ya chumvi hula chuma, na kiungio chenye kutu hupitisha mawimbi dhaifu. Tazameni hasa splita, kile kigawanyio kidogo kinachopeleka waya mmoja kwenye televisheni na mwingine kwenye modemu. Splita ya njia mbili hugawa nguvu ya mawimbi nusu kwa nusu, na ikifuatiwa na nyingine, modemu hubakiwa na robo. Nyumba nyingi bado zina splita za televisheni zilizokwisha kutupwa. Ondoeni zisizo na kazi. Katika modemu nyingi za aina hii, mkiandika 192.168.100.1 kwenye kompyuta utafunguka ukurasa unaoonesha nguvu ya mawimbi yanayoingia. Mafundi hupendelea namba hiyo iwe kati ya hasi 7 na chanya 7. Ikiwa mbali na hapo, ipigeni picha na muihifadhi pamoja na daftari.

Wenye faiba watazame kama uzi umekunjwa kona kali nyuma ya kabati au umebanwa na mlango. Mwanga huvuja kwenye kona kama hiyo ingawa uzi haujakatika. Taa nyekundu kwenye kisanduku, ambayo mara nyingi imeandikwa LOS, maana yake mwanga haufiki, na hapo ni kazi ya fundi. Tunasisitiza: mtu yeyote, na hasa mtoto, asichungulie ncha ya uzi wa faiba. Mwanga wake hauonekani kwa macho, lakini waweza kuyadhuru. Kadhalika, nguzo na nyaya za nje ni za kampuni, asipande mtu.

Pale tatizo linapokuwa baharini

Kuna hali ya nne, isiyo na kosa la nyumba wala la mtaa. Kabla ya mwaka 2009 Afrika Mashariki iliitegemea setilaiti iliyo umbali wa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Mwaka huo mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilifika katika pwani yetu, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Intaneti yetu ya sasa imeegemea nyuzi hizo zilizolala chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika upande wa Afrika Kusini, na watumiaji wa Tanzania, Kenya na nchi jirani wakabaki na intaneti iliyokufa au iliyozorota.

Dalili ya hali hii ni kwamba mkichagua kupima kwa kituo kilicho ndani ya nchi mnapata kasi nzuri, lakini kituo cha ng'ambo hakijibu, na jirani mwenye kampuni nyingine analia kilio hicho hicho. Hapo msibadilishe chochote nyumbani. Sikilizeni taarifa ya habari na msubiri.

Kudai haki kwa ushahidi

Kipimo cha waya kikionesha kwamba kasi haifiki mlangoni, familia ina haki ya kudai, na isione haya. Malipo yamekamilika, na huduma nayo ikamilike. Andikeni barua fupi au ujumbe: namba ya akaunti, kifurushi kilicholipiwa, tarehe na saa za vipimo, namba zilizopatikana kwa waya, na hatua mlizokwisha kuchukua. Msiandike kwamba "intaneti ni mbovu." Andikeni kwamba "kwa siku tatu mfululizo, kwa waya, baada ya Isha tumepata 4 kati ya 20." Ombeni namba ya lalamiko na muihifadhi. Anayepokea simu pia na azungumziwe kwa adabu, kwani si yeye aliyekata waya, na mara nyingi yeye ndiye atakayeamua kama lalamiko lipelekwe kwa mhandisi au libaki kwenye foleni.

Kampuni isipolitatua, nchini Tanzania mteja anaweza kulifikisha lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Nchini Kenya ipo Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo. Utaratibu ni kuanza na kampuni yenyewe, ndiyo maana namba ya lalamiko ni muhimu.

Tunashauri kazi hii apewe kijana wa nyumbani. Vijana wetu wanalaumiwa kwamba wanaimaliza intaneti; basi mmoja wao na akabidhiwe daftari, apime kwa nyakati tatu na awasomee wazazi alichokipata. Atajifunza hesabu, atajifunza kutotoa hukumu kwa dhana, na huenda akaiokolea familia fedha ambazo zingelipwa kila mwezi kwa kifurushi kikubwa kisicho na haja. Waya wa mita mbili na ukurasa mmoja wa daftari vinatosha kuanzia, na Alfajiri ya kesho yafaa kuwa kipimo cha kwanza.